Kiti Alichokikataa Profesa

Maneno yaliyosemwa baada ya igizo, mbele ya familia zilizohama makwao na viongozi wao, Lubumbashi

Asanteni kwa kuketi kwa utulivu mkimsikiliza mtu mmoja tu.

Wengine mmetuuliza: mbona mchezaji ni mmoja? Hapa Lubumbashi tumezoea mchezo wa kundi, kama ule wa Mufwankolo, uliotuchekesha kwa Kiswahili chetu. Leo tulitaka mwone mtu akiwa peke yake na dhamiri yake. Mliona kijana, kiti kimoja na sanduku la vitabu. Kiti hicho ndicho habari yenyewe.

Mtu aliyeigizwa ni Valentin-Yves Mudimbe, mtoto wa huku kwetu. Alizaliwa Likasi mwaka 1941, wakati mji huo ukiitwa Jadotville. Akiwa kijana aliingia monasteri ya Wabenedikto nchini Rwanda, kisha akatoka. Alisoma Lovanium kule Kinshasa, akapata udaktari Louvain, Ubelgiji, mwaka 1970. Miaka iliyofuata alifundisha katika chuo kikuu hapa Lubumbashi. Alikuwa mwanafalsafa. Kazi yake ilikuwa kuuliza: ni nani aliyetuambia kwamba sisi ni watu wa namna hii, na kwa nini tulikubali?

Karibu na mwaka 1980, Rais Mobutu alitaka aingie katika Komite Kuu ya chama cha MPR. Wakati ule chama kilikuwa kimoja, na kila raia alihesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa. Kiti kama hicho kilileta cheo na mali, na kukikataa kulikuwa hatari. Profesa hakupiga kelele. Aliacha kazi na mji wake, akaenda kufundisha Marekani. Huko ndiko alikofariki, mwezi wa Aprili 2025. Vitabu vyake, hata hivyo, alivitoa kwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi.

Tusimfanye malaika. Elimu yake ilimfungulia mlango wa nje. Wengi hawakuwa na mlango huo, na hatuwalaumu waliobaki. Sisi tunachukua fundisho moja: mara nyingi ujasiri ni kujua kiti ambacho hutakikalia.

Turudi Likasi hiyo hiyo. Mwaka 1992 na 1993 watu walifukuzwa kwa sababu tu asili yao ni Kasai, hata waliozaliwa Katanga. Walilala stesheni wakingoja treni. Majirani wengi hawakuwachukia. Waliona, wakaogopa, wakanyamaza. Kunyamaza kwao pia kuliwasukuma watu njiani.

Na sisi wenyewe tumenyamaza. Siku moja tulipokea orodha ya watakaopewa unga na mablanketi. Tuliona kwamba familia za lugha moja hazikuandikwa. Gari lilikuwa linangoja, ripoti ilikuwa inadaiwa, tukagawa hivyo hivyo. Mama mmoja akatuuliza, "Wanangu, jina langu liko wapi?" Hatukuwa na jibu. Tulirudi baada ya siku nne na orodha iliyosahihishwa mbele ya watu wote, lakini watoto wake walikuwa wamelala njaa siku hizo nne. Tunayasema haya mbele yenu kwa sababu hatuwezi kuwahubiria ujasiri ambao sisi tuliukosa.

Viongozi wetu, ninyi pia mtaletewa kiti. Kinaweza kuwa gunia la unga ili jina moja lifutwe. Kinaweza kuwa ahadi ya mwanasiasa anayetaka vijana wenu wa kupiga mawe. Siku hiyo msikae peke yenu kama mchezaji wetu. Mwiteni mwenzenu wa kabila lingine, someni orodha kwa sauti, semeni hapana mkiwa wengi. Hapana ya watu kumi haiogopeshi kama ya mmoja.

Sasa tugawanyike katika vikundi, tujibu maswali matatu:

1. Ni kiti gani kimewahi kuletwa kwetu hapa?
2. Nani alilipa gharama tuliponyamaza?
3. Orodha ijayo itasomwa wapi, na mbele ya nani?

Kiti cha igizo tumekiacha katikati. Anayetaka kusema asimame karibu nacho.