Kabla ya serumu, tone moja la damu

Maneno tuliyoyasema mbele ya vijana wa Kenya, Katuba na Kamalondo, Lubumbashi



Leo hatukuwaita juu ya kura, wala juu ya bei ya unga. Tumewaita juu ya sukari. Si ile ya kutia mu chai. Ni ile ya ndani ya damu, inayoweza kumuua mtoto kwa siku chache wakati watu wote nyumbani wanasema: "Iko malaria tu."

Tuelewane kwanza. Bukari, mukate, wali, viazi, vyote vikifika tumboni vinageuka sukari, na sukari inaingia katika damu. Ili itoke kwenye damu na kuulisha mwili, inahitaji ufunguo. Ufunguo huo unaitwa insulini, na mwili wenyewe njo unaitengeneza, katika kongosho. Insulini ikikosekana, au ikishindwa kufanya kazi, sukari inajaa katika damu huku mwili unalia njaa. Huo ndio ugonjwa wa sukari, diabete.

Uko wa aina mbili kubwa. Aina ya kwanza inashika zaidi watoto na vijana: kongosho linaacha kutoa insulini, na haitokani na kula sukari nyingi. Bila sindano ya insulini kila siku, mgonjwa hawezi kuishi. Aina ya pili inakuja polepole, mara nyingi kwa watu wazima, na inasaidiwa na uzito mkubwa, kukaa bila kutembea, na urithi wa jamaa. Kwa hiyo wale wanaosema "sukari ni ugonjwa wa bakubwa, wenye feza", wanakosea. Inaingia hata kwenye nyumba ambamo watu wanakula mara moja kwa siku.

Namna gani unaitambua? Shikeni alama nne: kukojoa sana, kiu isiyoisha, kukonda bila sababu, na kuchoka. Mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani, halafu anaanza tena: msimchape, msimwite mulozi, mumupeleke apimwe. Kwa mtu mzima ongezeni macho yenye ukungu, miguu inayokufa ganzi, kidonda kisichopona.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Inchi yetu ni ya pili duniani kwa wingi wa malaria, nyuma ya Nigeria. Kwa hiyo mtoto akitapika, akiumwa tumbo, akilegea, kila mtu anawaza malaria. Lakini mtoto ambaye insulini imemwishia naye anatapika, anaumwa tumbo, analegea. Anapumua kwa nguvu kama mtu aliyekimbia, na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva sana. Akifika dispanseri anatundikiwa kinini. Na kinini ya mshipa huchanganywa na serumu ya glikozi, kwa sababu kinini yenyewe inaweza kushusha sukari. Kwa mgonjwa wa malaria hiyo ni akili nzuri. Kwa mtoto ambaye damu yake imeshajaa sukari, ni kumwaga petroli juu ya moto.

Na upande wa pili ni hivi: malaria kali inaweza kushusha sukari mpaka mtoto anapoteza fahamu. Huyo naye anahitaji kupimwa haraka. Kwa hiyo kimashine kile kile, kidogo kama telefone, kinaokoa wote wawili. Tone moja la damu ya kidole, sekunde chache, na muuguzi anajua anatia nini katika mshipa wa mtoto. Sukari ikifika miligramu 126 kwa desilita kabla ya kula, au 200 wakati wowote pamoja na zile alama, ni diabete. Kama hakuna alama, kipimo kinarudiwa siku ingine ili kuhakikisha.

Hatuwalaumu wauguzi. Mtu hawezi kupima na kitu ambacho hakupewa. Tunauliza wale wenye kazi ya kuwapa.

Kumbukeni historia. Mwezi wa kwanza 1922, kule Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini. Kabla yake, aina ya kwanza ilikuwa hukumu ya kifo. Waliogundua dawa hiyo waliuza haki yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mmoja, ili isiwe mali ya mtu. Tangu 1977 insulini iko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Miaka mia imepita. Mtoto wa Ruashi hana sababu ya kufa kama watoto wa kabla ya 1922.

Na ukishajua uko na sukari, unaishi vipi? Unaishi! Aina ya kwanza: insulini kila siku, bila kuruka. Aina ya pili: kutembea, kupunguza uzito, mara nyingi vidonge vya metformini, na wengine insulini. Kwenye sahani, kifungu cha bukari kipungue, lengalenga, sombe, maharagi na samaki viongezeke. Sukre ya chupa muache. Kila jioni angalieni miguu, na macho yapimwe kila mwaka.

Mgonjwa akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, sukari yake imeshuka sana: apewe vijiko vitatu vidogo vya sukari ndani ya maji, mungoje dakika 15, mupime tena. Akiwa amezimia, msimtie kitu mdomoni. Mukimbie hospitali.

Umeme nao? Tunajua SNEL inavyokata. Insulini haipendi joto, wala isigande. Chupa ambayo haijafunguliwa inataka frigo. Lakini Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichunguza jambo hilo katika kambi ya Dagahaley, Kenya, na mwaka 2021 walionyesha kwamba insulini inayotumika inaweza kukaa wiki nne katika joto la digrii 25 hadi 37 na kubaki na nguvu yake. Basi chungu cha udongo ndani ya kingine, mchanga wenye maji katikati, insulini ndani ya plastiki iliyofungwa vizuri, ni msaada wa kweli. Ulizeni munganga wenu.

Mukitaka kuomba, muombe. Lakini pasta anayesema "acha insulini, umepona", msimsikilize. Mizizi haishiki nafasi ya insulini.

Katiba ya 2006, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Kodi ya madini, kwa sheria ya 2018, inaacha asilimia 25 kwa jimbo na 15 kwa eneo linalochimbwa. Feza za kununua vipimo zinatoka katika udongo huu tunaokanyaga. Kwa hiyo tunaomba mambo matatu kwa wakubwa wa jimbo na wa afya:

Moja, kipimo cha sukari na vijiti vyake katika kila kituo cha afya cha komini zote 7.

Mbili, kila mtoto anayefika hali mbaya apimwe sukari kabla ya serumu, bila kulipishwa.

Tatu, insulini isikosekane katika hospitali za jiji, na bei yake ibandikwe ukutani kila mtu aione.

Tarehe 14 mwezi wa 11 ni Siku ya Diabete Duniani. Siku hiyo tutapita kituo kwa kituo kuuliza: kimashine kiko? Tutaandika jibu, na tutalisoma mbele ya watu wote.

Lakini musingoje siku hiyo. Ukimsindikiza mdogo wako, shangazi, jirani, mbele ya serumu kutundikwa, uliza kwa heshima: "Dokta, mumepima sukari?" Ni neno dogo, na halilipwi.