Tusiijaribu kwa Maji
Wengi wetu tumenunua simu yenye alama ya IP67, tukadhani haiogopi maji. Alama hiyo si uongo, lakini tujue inasema nini: simu ya aina hiyo, ikiwa mpya, ilistahimili maji safi, kina cha mita 1, kwa dakika 30. Haikuahidi maji ya bahari wala ya sabuni. Tena mpira unaoziba maungio huchakaa, na simu ikianguka huweza kuachia. Humo tumeweka picha za wazazi waliotutangulia. Hizo dukani haziuzwi. Basi kinga hiyo iwe akiba ya siku ya ajali, isiwe ruhusa ya kuogelea nayo. Ikilowa, tuifute, tungoje ikauke kabisa, ndipo tuitie chaji. Kwaherini.