Tupime Kwanza, Ndipo Tupande



Mwaka huu tutachangia zahanati kwa kupanda baiskeli kutoka Mombo hadi nyumbani Lushoto, kilomita 33 hivi, karibu zote mlima. Nimefurahi. Sisi tunaoshinda ofisini Dar es Salaam tumekaa mno; mimi mhasibu navijua viti. Baiskeli husaidia kushusha presha na sukari, na haiumizi magoti kama kukimbia. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kwa wiki, jamani, si kwa Desemba!

Hapo ndipo penye hofu yangu. Moyo uliolala miezi kumi na moja, ukiamshwa ghafla kwenye kona za Soni, unaweza kugoma. Aliyevuka miaka 40, au mwenye presha au kisukari, amwone daktari kwanza, kisha aanze na safari fupi fupi. Kifua kikibana au ukiona kizunguzungu, shuka, hata kama vijana watacheka. Maji nayo yanywewe kwa kiasi, maana yakizidi sana hupunguza chumvi kwenye damu. Wakati wa kuteremka kuna malori ya mboga. Kofia ngumu na breki nzima ni lazima.

Kwenye bajeti nimetanguliza vipimo, fulana zikafuata. Fedha zikipungua, nashauri tufute fulana. Na atakayezuiwa na daktari amlipie mwenzake kwa kila kilomita. Zahanati itapata kilekile.