Joto la Kifua



Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa 4, twasoma habari za Elisha na mtoto wa mama Mshunami aliyekuwa amekufa. Elisha alifunga mlango akamwomba Mungu. Kisha akajilaza juu ya mtoto, hata ule mwili uliopoa ukashika joto. Aliomba, na mwili wake pia akautoa.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Joto humtoka upesi, na baridi yaweza kumwua. Mwaka 1978, huko Bogotá, nchi ya Kolombia, mashine za kuwatia watoto joto zilikuwa chache. Ndipo Daktari Edgar Rey Sanabria alipoanza kuwaweka watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu abebavyo mtoto wake. Wengi walidhani ni njia ya maskini tu. Lakini uchunguzi wa nchi tano, Tanzania ikiwamo, uliotangazwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba kuwaweka watoto wadogo sana kifuani mara baada ya kuzaliwa, bila kungoja wapate nguvu kwanza katika mashine, kulipunguza vifo kwa robo.

Mtoto huvikwa kofia, nepi na soksi tu. Huwekwa wima kati ya matiti, uso umegeuzwa upande apate kupumua, kisha hufungwa kwa leso, kama muuguzi anavyoonyesha. Shirika la Afya Duniani lashauri saa 8 kwa siku au zaidi.

Saa 8! Hapo ndipo penye neno letu leo. Karibu na Hospitali Kuu ya Kenyatta iko Kenyatta Market, na humo wamo akina mama wasusi. Msusi hula kwa mikono yake. Asiposuka, hapati senti. Akiruhusiwa kutoka hospitalini na mtoto wake mchanga, ataketije mchana kutwa, na kodi ya nyumba yamngoja?

Baba, kifua chako nacho kina joto. Usione haya kufungua shati. Mpokee mtoto, mama apate kulala. Nasi washirika, tukumbuke jinsi Yakobo alivyowaonya wale wamwambiao mwenye baridi akaote moto, wasimpe nguo. Tukienda kumwona mzazi, baada ya maombi tufue nguo, tuteke maji, tupike uji, tuchange kodi ya mwezi mmoja. Jirani wa kibanda amtunzie wateja. Wala asiwepo wa kumwita mvivu mama aliyeketi. Kuketi kwake ndiyo kazi.

Ee Bwana, uliyetuumba kwa mikono yako, utufundishe kuwatia joto wadogo hawa. Amina.