Seva Inapoanguka Baada ya Kupandishwa Toleo: Mada kwa Watunza Takwimu za Afya wa Masisi na Walikale

Takwimu za wagonjwa wa zoni za afya za Masisi, Kirotshe, Mweso na Katoyi, kadhalika za Walikale, Pinga, Itebero na Kibua, huandikwa kwanza kwa kalamu vituoni, kisha kila mwezi huingizwa katika DHIS2, programu inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, na kutumiwa na Wizara ya Afya ya Kongo. Na kwa kuwa makao ya programu hiyo ni katika seva, siku seva inapoanguka baada ya kupandishwa toleo, ripoti zote hukwama. Muradi wa mada hii ni kubainisha kwamba fundi hana budi kusoma yaliyoandikwa na seva kabla ya kuiwasha upya.

Tomcat, ambayo ndiyo huiendesha DHIS2, huandika mambo yake katika faili iitwayo catalina.out. Aghalabu mafundi hutazama mistari ya mwisho tu, ilhali sababu hasa imo katika kosa la kwanza lililotokea baada ya kuwashwa. Akikuta humo UnsupportedClassVersionError pamoja na namba 61.0, fundi ajue kwamba programu mpya imejengwa kwa Java 17, sharti lililoanza na toleo la 2.41, nayo seva ingali na Java 11, ambayo ukomo wake ni 55.0. Akikuta OutOfMemoryError, aangalie kiwango cha Xmx, yaani ukomo wa kumbukumbu ambayo Java imeruhusiwa kutumia. Na ikiwa maandishi yamekatika ghafla pasi na kosa lolote, aiulize Linux, mfumo endeshi wa seva, kwa amri ya dmesg, kwani kumbukumbu ya mashine inapokwisha, Linux huiua programu iliyojilimbikizia nyingi kuliko zote bila ya kuipa nafasi ya kuandika wasia.

Lililo zito zaidi ni hifadhidata ya PostgreSQL, zinamokaa takwimu zenyewe. Toleo jipya linapowaka mara ya kwanza, Flyway, chombo kilichomo ndani ya DHIS2, hubadilisha majedwali na kusajili kila hatua katika flyway_schema_history. Hatua moja ikishindwa, DHIS2 haiwaki, na majedwali yakishabadilika, toleo la zamani haliyafai tena. Kwa hiyo atakaye kurudi nyuma hurudisha programu pamoja na nakala ya hifadhidata iliyochukuliwa kwa pg_dump kabla ya kazi kuanza. Asiyekuwa na nakala hiyo hana njia ya kurudi.

Natoa rai, basi, kwamba kila toleo jipya lijaribiwe kwanza katika seva ya pembeni yenye nakala ya takwimu halisi, kazi hiyo isifanywe katika siku za kuingiza ripoti, na ofisi kuu za zoni ziarifiwe mapema, ili fomu za karatasi zisitupwe wala kuchomwa mpaka takwimu zake zionekane tena katika seva.