Siku ya Tatu Mpe Jembe

Hotuba iliyosomwa mbele ya waamini wa Qurus katika sikukuu ya Jubilei ya Jimbo



Leo twamshukuru Mungu kwa neema alizolijalia Jimbo letu la Mbulu, tangu lilipoanza kuwa Prefektura mwaka 1943, hata lilipofanywa Jimbo kamili mwaka 1953. Wenzangu wamekwisha kuwaeleza habari za makanisa, shule na zahanati. Mimi nimepewa neno dogo, nalo ni habari ya jamaa waliopotewa na makao yao, na jinsi impasavyo Mkristo kuwatunza.

Sote twaijua methali isemayo kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Wengi huitumia kumfukuzia mgeni. Lakini itazameni tena. Ampaye mgeni jembe hakumfukuza, bali amemwonyesha shamba. Alaye chakula cha mwenyeji siku zote hubaki mgeni. Aliyepewa jembe amekwisha kuwa jirani.

Neno hili nilijifunza kwa aibu. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, yakauangukia mji wa Katesh na vijiji vya kando yake. Watu zaidi ya 80 walikufa, na jamaa nyingi zikakosa pa kulala. Nami nilitoa koti na debe la mahindi, nikarudi nyumbani na moyo mwepesi, nikidhani nimekwisha kutimiza wajibu wangu. Baada ya miezi kadhaa nilikutana na mama mmoja wa huko. Nikamwuliza kama misaada ilimfikia. Akanijibu kwa upole, “Nguo tulipata, Mwalimu, Mungu awabariki. Lakini jembe langu lilifukiwa pamoja na nyumba, wala hakuna aliyeniuliza habari zake.” Nikanyamaza. Mimi ni mkulima, mwana wa mkulima. Wala sikulifikiri jembe!

Tangu siku ile nimejaribu kujua jinsi nchi yetu ilivyowatunza waliokimbia makwao, nami nimeona mambo yanayotufaa.

Si mbali na sisi, mashariki ya mji wa Arusha, pana mahali paitwapo Tengeru. Huko, tangu mwaka 1942, walikaa wakimbizi kutoka Polandi. Miaka ya 1940 na 1941 serikali ya Kisovieti iliwatoa kwao kwa nguvu, ikawapeleka Siberia na Kazakhstan. Walipofunguliwa walipitia Uajemi, wakavuka bahari hata kufika pwani yetu. Tengeru walikuwa wapata 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Walipewa vibanda vya mviringo vilivyoezekwa kwa majani. Lakini hawakuachwa wakae kitako wakingoja posho: walikuwa na shule zao, na hospitali, na mashamba, na mahali pa kushona na kufuma. Nao walikuwa na kanisa, na mapadre waliotoka nao katika taabu ile ile. Hata leo makaburi yao yapo, karibu 150, nayo yatunzwa. Basi tazameni: mkate, na shule, na kazi ya mikono, na Misa, na kaburi lenye jina. Huo ndio utunzaji ulio kamili.

Mfano wa pili ni wa majirani zetu wa Burundi. Katika mauaji makubwa ya mwaka 1972 watu wengi walikimbilia nchini mwetu, nao wakapelekwa katika mapori ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Serikali ikawapa ardhi. Ndugu zetu wa shirika la Tanganyika Christian Refugee Service, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Ulimwenguni, wakawasaidia kupata maji, shule na zahanati. Wakafyeka mwitu, wakalima. Baada ya miaka michache hawakuhitaji tena chakula cha msaada, na mazao yao yalifika hata masokoni. Mwaka 1983 Mwalimu Julius Nyerere alipewa Nishani ya Nansen kwa ajili ya ukarimu wa taifa letu kwa wakimbizi. Na mwaka 2014 watu wapatao 162,000 wa makazi yale walianza kupokea hati za uraia. Ndipo lilipotimia neno la methali: aliyepewa jembe akawa jirani, na jirani akawa ndugu.

Lakini si wote waliopewa jembe. Kule Kasulu, mkoani Kigoma, ipo kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu wa Kongo. Wapo huko vijana waliozaliwa kambini, wakakua kambini, na sasa wanalea watoto wao papo hapo. Sheria haiwapi ruhusa ya kutoka pasipo kibali. Tena mwaka 2023, fedha za msaada zilipopungua, posho yao ya chakula ilikatwa hata ikafika nusu. Fikirini hali ya baba mwenye mikono miwili yenye nguvu, asiye na shamba, naye aona kibaba cha watoto wake kikipunguzwa na watu asiowajua. Njaa yake si ya tumbo tu.

Mtaniuliza, “Sisi wa Qurus tufanye nini?” Nasema mambo matatu.

La kwanza, kabla ya kutoa tuulize. Tumwulize mwenye shida jina lake, na kazi aliyoizoea, na kitu alichopoteza.

La pili, kila jumuiya itenge wakati wa mavuno debe moja la mbegu njema, ya mahindi, maharagwe au mbaazi, pamoja na jembe jipya, viwekwe parokiani kwa ajili ya jamaa watakaofikiwa na maafa. Na kwa walioko Kigoma tupeleke kwa njia ya Caritas, kadiri sheria iruhusuvyo, cherehani, vyombo vya useremala na madaftari ya watoto.

La tatu, tusiwadharau waliokuja. Wazee wetu wenyewe walitoka Irqwar Da’aw, nchi ya asili ya Wairaqw, wakaja huku Karatu wakitafuta ardhi. Nasi leo twajiita wenyeji kwa sababu wao walipata mahali pa kulima.

Mkumbukeni Mtakatifu Yosefu. Aliamka usiku, akamchukua Mtoto na mama yake, akakimbilia Misri. Maandiko hayatuambii ni nani aliyempokea huko. Lakini Yosefu alikuwa seremala, nami huwaza moyoni kwamba yuko Mmisri mmoja aliyemwazima msumeno. Jina la mtu huyo halikuandikwa popote duniani, Mungu alijua.

Basi, ndugu zangu, jembe la yule mama wa Katesh nimekwisha kulinunua. Limechelewa, lakini nitalipeleka mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Atakaye kufuatana nami na anione baada ya Misa.