Kukereza vyuma: kazi inayotaka miaka mitatu

(Hotuba iliyosomwa na mwalimu wa shule yetu katika mkutano wa Siku ya Wakimbizi Duniani. Kamati imeichapa kama ilivyosomwa.)



Kamati ilinipa nafasi nizungumze juu ya vijana na kazi. Ningeweza kusema juu ya ushonaji, sabuni na usukaji wa nywele, maana hayo ndiyo mafunzo yanayotufikia mara kwa mara, na sina neno baya juu yake. Shati hili nililovaa limeshonwa hapa hapa. Lakini leo nimemchagua fundi ambaye simwoni miongoni mwa vijana wetu, naye ni fundi mkereza vyuma, yule ambaye kwetu Kongo tumezoea kumwita turneri.

Neno lenyewe si geni. Mafundi wa pwani, wa Lamu na Unguja, walikereza miguu ya vitanda tangu zamani: mti unazungushwa, patasi inasogezwa taratibu, umbo linatokea. Mkereza vyuma anafanya hivyo hivyo, ila mti wake ni chuma, anayezungusha ni mota, na kisu chake kinamenya unene ambao jicho halioni. Baadhi ya wazee wetu wanakumbuka karakana kubwa za Panda kule Likasi, zilizotengeneza vipuri vya migodi ya Gécamines, na wengine wanaijua ITIG ya Goma, shule ya ufundi ya Wasalesiani. Basi hao wanajua ninachosema.

Mnakumbuka mashine yetu ya kusaga iliposimama. Akina mama walibeba mahindi kichwani kwenda na kurudi mbali siku tisa. Kilichoharibika ni kitu kimoja: shafti ilikuwa imelika pale inapokaa ndani ya beringi. Fundi wa mjini aliijaza chuma kwa kuchomelea, kisha akaikereza upya. Nilikwenda kuichukua, nikamwuliza kwa nini malipo ni makubwa kuliko bei ya beringi mpya. Akanionyesha karatasi yenye namba mbili tu.

Namba hizo nimezitumia darasani tangu siku ile. Beringi ya gololi yenye tundu la milimita 40 hutaka shafti ambayo kipenyo chake kiko kati ya milimita 40.002 na 40.018. Ikiwa nyembamba zaidi, beringi itateleza juu ya shafti na kuila tena. Ikiwa nene zaidi, beringi itabanwa, itapata moto na kufa mapema. Nafasi anayoruhusiwa fundi ni elfu kumi na sita za milimita, yaani maikroni 16. Unywele wa binadamu una unene wa maikroni 70 hivi. Ugawe unywele mmoja sehemu nne, uchukue moja. Hata hiyo moja imezidi kidogo nafasi ya fundi.

Hapa naomba wazazi wanisikilize kama mwalimu wa hesabu. Kila mwaka nina wanafunzi wanaoniambia kwamba 0.12 ni kubwa kuliko 0.5, kwa kuwa kumi na mbili ni kubwa kuliko tano. Darasani kosa hilo ni alama moja, nalo linasahaulika. Kwenye mashine kosa hilo hilo ni shafti iliyotupwa, na aliyeleta shafti anasimama mlangoni. Kuna lingine linalowapata wanagenzi wengi: kisu kikiingia milimita 1, kipenyo kinapungua milimita 2, maana chuma kinazunguka na kinamenywa pande zote. Mtoto aliyeelewa kipenyo na nusu kipenyo hana shida. Aliyekariri kanuni ili afaulu mtihani atamenya mara mbili ya alivyotaka.

Halafu kuna joto. Jambo hili lilinifurahisha sana, na wanaojua fizikia watanisamehe nikilieleza polepole. Chuma kikikatwa kinapata moto, na kikipata moto kinatanuka. Shafti yetu ya milimita 40 ikizidi joto kwa nyuzi 50, kipenyo chake kinaongezeka kama milimita 0.024. Sasa tazameni: ongezeko hilo ni kubwa kuliko nafasi yote ya 0.016 tuliyoitaja. Mwanagenzi mwenye haraka anaipima ikiwa ya moto, anaona namba sawasawa, anafurahi. Ikipoa, imekuwa nyembamba na haifai. Ndiyo sababu mafundi wa dunia nzima walikubaliana kwamba vipimo ni vya nyuzi 20 za Selsiasi. Na ndiyo sababu utamwona fundi mzuri amekaa tu, mikono magotini, shafti iko mezani. Mtu asiyejua atasema huyu ni mvivu.

Hivyo basi, kazi hii haifundishiki kwa miezi mitatu. Nawaambia ndugu zetu wa mashirika kwa heshima, kwa sababu najua fedha zenu huja kwa mwaka na ripoti huandikwa kwa robo mwaka. Ujerumani, nchi yenye sifa kubwa katika kazi hizi, uanagenzi wa mkereza vyuma ni miaka mitatu na nusu, siku kadhaa kiwandani na siku kadhaa shuleni. Hapa Rwanda kijana aliyemaliza S3 akiingia shule ya sekondari ya ufundi anasoma miaka mitatu hadi cheti cha ngazi ya 5.

Katika miaka hiyo anafanya nini? Majuma ya kwanza hagusi mashine. Anapewa kipande cha chuma, tupa na jiliwa, anaambiwa akifanye kiwe na pande zilizonyooka na pembe za mraba. Anapiga tupa, anaweka kipimo cha mraba, anakiinua kwenye mwanga: mwanga ukipenya, bado. Mikono inatoka malengelenge. Wengi huacha hapo. Baadaye anajifunza kunoa kisu chake mwenyewe, kupima kwa venia na maikromita, kusawazisha uso wa chuma, kukata hesi za bolti, kisha mashine ya kuchonga, na mwisho mashine zinazoongozwa na kompyuta. Hizi za kompyuta zinawavutia sana vijana. Zilianza kuonyeshwa Marekani mwaka 1952. Kenya nayo, baada ya mradi wa gari la Nyayo ulioanza 1986 kukwama, karakana yake iligeuzwa kiwanda cha vipuri jijini Nairobi, Numerical Machining Complex. Lakini mashine ya kompyuta inatii neno unaloliandika, na ukiandika 4.0 mahali pa 40 itajaribu kukutii. Aliyeanza na tupa anajua kwa mkono kwamba jambo haliendi sawa kabla chuma hakijaruka.

Tunaambiwa: miaka mitatu ni mingi kwa mkimbizi, huenda kesho akarudi kwao. Neno hili nimelisikia mara nyingi, wakati mwingine kutoka kwetu wenyewe. Ndugu zangu, tulipo si mbali na Mudende. Mwaka 1997 kambi ya wakimbizi wa Kongo pale ilishambuliwa mara mbili, Agosti na Desemba, na watu wengi waliuawa. Waliosalia walipelekwa Gihembe. Nao waliambiwa, na walijiambia, kwamba ni kwa muda tu. Gihembe ilifungwa mwaka 2021 na watu wakahamishiwa Mahama. Hesabuni wenyewe: ni karibu miaka 24. Kiziba ipo tangu 1996. Mtoto aliyezaliwa Gihembe mwaka 1998 alikuwa na miaka 23 kambi ilipofungwa. Ndani ya muda huo uanagenzi wa miaka mitatu ungeingia mara nane. Wangapi walinyimwa mafunzo marefu kwa sababu ya kesho ile? Simlaumu mtu. Nasema hoja ya muda isiletwe tena mbele yetu kama kwamba haijawahi kupimwa.

Na akirudi kwao kweli, mafunzo yanarudi naye. Mwaka 1685 mfalme Louis XIV wa Ufaransa alifuta amri iliyowalinda Waprotestanti wa nchi yake. Maelfu walikimbia, na miongoni mwao walikuwamo mafundi wa saa waliofika Geneva na London bila mali, wakaanza upya kwa vipimo walivyobeba kichwani. Saa ni kazi ya usahihi kuliko shafti ya mashine ya kusaga.

Anayedhani kazi hii ni ya watoto wa matajiri namkumbusha Henry Maudslay wa Uingereza. Alianza kazi akiwa na miaka 12 katika ghala la silaha la Woolwich, akijaza baruti kwenye risasi. Akahamia kwa maseremala, kisha kwa wahunzi. Karibu mwaka 1800 alitengeneza mashine ya kukata hesi iliyotoa bolti zinazofanana, wakati bolti nyingi zilikuwa zinaoana na nati yake moja tu. Mezani alikuwa na kipimo chake cha usahihi mkubwa, akakipa jina la hakimu mkuu wa nchi, kwa kuwa kikishasema hakuna pa kukata rufaa.

Mzee mmoja wa Kamati aliniuliza jambo la haki: watafanya kazi wapi? Hakuna atakayeweka mashine ya kukereza chini ya hema. Ni kweli. Hii ni kazi ya kuajiriwa, angalau mwanzoni. Wilaya hii ya Rubavu ina kiwanda cha chai cha Pfunda, ina kiwanda cha bia cha Bralirwa tangu miaka ya 1950, ina mitambo ya umeme kwenye mto Sebeya, na kila kinachozunguka kinalika. Sheria ya Rwanda inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Hata hivyo nafasi hazitakuwa mia. Kwa hiyo siombi vijana sitini. Naomba sita, waliochaguliwa kwa hesabu na kwa subira, na katika sita hao wasichana wasipungue wawili. Maikromita haiulizi jinsia. Msichana afunge nywele na aache kitenge kinachoning'inia, kama vile mvulana atakavyovua saa na kukunja mikono ya shati. Na wote wawili wasivae glavu karibu na chuma kinachozunguka, maana glavu ikinaswa inavuta mkono wote.

Jambo la mwisho ni mapatano. Tunawajua mafundi wa mitaani wanaompokea kijana kwa jina la mwanagenzi, akafagia chenga za chuma miaka miwili na kutumwa chai. Kijana asipelekwe popote bila karatasi inayosema atafundishwa nini kila nusu mwaka, nani atampima, na nani atalipa akiumia. Mashirika yana watu wa sheria. Hapo ndipo tunapowahitaji kuliko mahali pengine.

Sehemu ya kwanza tunaweza kuanza wenyewe, bila umeme. Naomba Kamati itupatie meza imara, jiliwa mbili, tupa kubwa na ndogo, msumeno wa chuma, vipimo vya mraba viwili na venia moja. Vipande vya chuma tutaokota. Nitafundisha hesabu yake jioni, Jumanne na Alhamisi, katika chumba cha darasa la sita, na nimemwomba fundi mmoja wa mjini aje Jumamosi moja kila mwezi kutazama kazi ya tupa. Waliomaliza S3 na wanaotaka kujaribiwa waje Jumanne ijayo na daftari na rula. Swali la kwanza litakuwa lile la 0.12 na 0.5.